Ngazi za Kidahwe na kalamu iliyogoma

Haya wandugu, kuna rafiki yangu mmoja kaniuliza kwa nini kila kalamu ikigoma nakimbilia Kidahwe kwa shangazi, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza. Anadhani nakwenda kula migebuka. Migebuka naila, sikatai. Lakini ngoja nieleze.

Juni 2024 nilitumwa kuandika makala Kigoma. Serikali ilikuwa imesitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nami nilitakiwa kueleza watu wanaishije bila ziwa lao. Nikashinda Kibirizi siku mbili, nikajaza daftari. Kisha nikajifungia nyumba ya wageni mjini nikafungua kompyuta. Aya ya kwanza niliiandika mara kumi na moja, na karibu zote zilianza na "Serikali imesema". Ziwa lilipewa miezi mitatu ya kupumzika. Mimi mhariri alinipa siku tano, mbili zimeshakwenda Kibirizi.

Sasa wewe mwenye mshahara utasema, si ungepumzika tu? Mwandishi wa kujitegemea halipwi kwa kupumzika, analipwa kwa kinachochapishwa. Siku isiyo na habari ni siku isiyo na nauli. Ndiyo maana unafungua gazeti unakuta taarifa ya mkutano na waandishi imebadilishwa kichwa cha habari tu, basi. Aliyeiandika ana nyingine tatu za kumaliza kabla ya saa kumi jioni. Halafu tunaambiwa vijana hatuna ubunifu! Utatoka wapi, kwa mtu ambaye kichwa chake hakijakaa bure hata dakika ishirini?

Hela ya chumba ikaisha, nikapanda gari kwenda kwa shangazi. Uani nikakuta rundo la mikungu ya chikichi limefunikwa majani ya mgomba. Kwa hasira zangu nikavuta mkungu mmoja nianze kupukuchua ngazi, yaani hizo punje zake zinazotoa mawese. Miba ikanichoma, na ngazi hazikutoka. Shangazi akacheka.

"Mwanangu, hizo zimekatwa leo asubuhi. Ziache. Keshokutwa zitaachia zenyewe."

"Na nikiziacha wiki mbili, shangazi?"

"Mafuta yataharibika, utayala peke yako."

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliandika kitabu kuhusu jinsi mawazo mapya yanavyozaliwa. Alitaja hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kumulikiwa, kisha kuhakiki. Mojawapo ya ushahidi wa jambo hilo ni mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, aliyesimulia kwamba safari ilikuwa imemsahaulisha hesabu zake kabisa, na jibu likamjia alipokanyaga ngazi ya gari la abiria (ngazi nyingine hiyo!). Wasomi wetu hupenda kisa hicho lakini husahau kwamba kabla ya safari alikuwa amezihangaikia hesabu hizo sana. Nawajua jamaa wawili watatu hapa mjini wanaosubiri msukumo mwaka wa tatu sasa, bia mkononi, hawajahoji mtu wala kusoma kitu. Hao hawaatamii. Kiota chao hakina yai.

Basi nikazima simu. Nilikuwa na hofu, sitaficha, maana mhariri akikukosa mara mbili anamtafuta mwingine. Nikalala mchana kama mgonjwa. Nikachota maji, nikachochea moto wa watu wengine. Siku ya pili jioni, nikisugua sufuria kwa mchanga, nikamkumbuka mama mmoja wa Kibirizi. Alikuwa anafagia mchanga wa kuanikia dagaa, taratibu, kona kwa kona, na dagaa hawakuwepo wiki kadhaa. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari mstari mmoja tu kumhusu, katikati ya bei za sukari na unga, nikaupita kila nilipotafuta "takwimu nzito".

Nikaacha sufuria na masizi yake. Nikaanza na ufagio, na Serikali ikaingia aya ya nne, ikatulia. Saa saba usiku nilikuwa nimemaliza kwa taa ya shangazi. Asubuhi nikatembea hadi kwenye mtandao mzuri, nikatuma. Mhariri alikata aya mbili, mojawapo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, lakini ufagio aliuacha mwanzoni.

Wakati naondoka shangazi alikuwa amefunua rundo. Ngazi zilikuwa zinadondoka kwa kuguswa tu. Malipo ya makala yangu yalitoka baada ya wiki sita. Yeye alikuwa ameshauza mawese ya mikungu ile na kununua mabati mawili.