Swichi Unayoiita "Mpya" Itazeeka Kabla Yako

Leo nimekasirishwa na kitu kidogo sana: jina. Jina la swichi moja kwa pakeji moja ya C++, ambalo lilinikulia bando ya wiki nzima na kazi ya mtu aliyekuwa tayari kunilipa.

Ilikuwa hivi. Jamaa alitaka programu ndogo ya kupanga rekodi za maziwa za wakulima wake. Kuna maktaba nilihitaji, siitaji jina hapa. Kwa maelekezo ya kuijenga kulikuwa na chaguo: ENABLE_CXX11, washa au zima. Mimi nikajiambia, C++11 si ndiyo ile ya kisasa? Washa! Kompaila ikanitupia makosa ukurasa mzima. Katikati ikaniambia wazi kabisa kwamba kitu fulani, std::optional, kinapatikana kuanzia C++17. Nikasema, aah, basi kompaila yangu imezeeka. Nikaanza kushusha ingine. Bando ikakata saa nane usiku. Asubuhi nikakopa, nikamaliza kushusha, nikajaribu tena. Makosa yale yale.

Kompaila haikuwa na shida. Nilikuwa na GCC 11, na hiyo usipoiambia chochote inatumia C++17. Ni ile swichi ya "kisasa" ndiyo ilikuwa inairudisha nyuma hadi kiwango cha 2011. Manze, nilikuwa nawasha taa na giza ndilo linaingia. Nilipoizima, kila kitu kikajengeka kwa dakika nne. Jamaa wa maziwa alikuwa ashapata mtu mwingine.

Aliyeandika ile swichi hakuwa mjinga. Wakati wake kompaila ilikuwa inaanzia C++98, kwa hivyo kuwasha kulikupeleka mbele kweli. Halafu mwaka 2016 GCC 6 ikahamia C++14, na 2021 GCC 11 ikahamia C++17. Swichi haikuguswa, jina halikuguswa, lakini maana ikageuka kabisa.

Ndiyo maana nasema swichi ya ndiyo au hapana haifai hii kazi. Swali si "unataka mpya?" Swali ni "unataka kiwango gani?" Pakeji nyingi za Spack zinauliza hivyo: unaandika cxxstd=14 au cxxstd=17, basi. CMake nayo tangu toleo 3.1 ina CMAKE_CXX_STANDARD, unaipa nambari. Kiwango kingine kikija, unaongeza thamani moja kwa orodha, jina linabaki. Kwa ile njia ingine unaishia na swichi ya CXX11, ya CXX14, ya CXX17, zimepangwa kama matatu stejini, na hakuna anayejua nikiwasha mbili kwa pamoja nani anashinda.

Nani hajui hii hadithi ya "mpya"? Mzazi wangu alisoma mtaala mpya. Mtaala mpya ulikuwa 8-4-4, mwaka 1985. Hata wakubwa wa C++ wenyewe walichomeka. Waliita kiwango chao kijacho C++0x, wakitarajia kingekamilika kabla ya 2010. Kikaja 2011. Kompaila zikabaki na chaguo la -std=c++0x ambalo jina lake lilishakuwa uongo. Wakarudia: 1y, 1z, 2a, 2b. Sasa ukikuta c++1z kwa mradi wa zamani, inabidi umuulize mtu kama unatafuta ploti. (Ni 17.)

Linganisha na mji wetu. Ulianzia kwa Shamba nambari 64, watu wakauita Sixty-four, ulimi ukaipika ikawa Sisibo. Tumepewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na 64 bado ni 64. Kama wangeliita "Shamba Jipya" tungekuwa tunachekwa.

Kuna msee aliniambia swichi ni rahisi kwa anayeanza, ati nambari zinamtisha. Mimi ndiye niliyekuwa naanza, buda. Nambari hainitishi, kinachonitisha ni neno linalonidanganya. Na si hobi tu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika hapa Eldoret 2006 chini ya AMPATH. Umeandikwa kwa Java, ambako 1.8 na 8 ni kitu kimoja, na lazima mtu akwambie hivyo kwanza. Anayetunza mfumo kama huo mara nyingi ni kijana kama wewe, yuko peke yake, na mwandishi wa swichi yuko bara lingine amelala.

Nilituma pendekezo kwa ile pakeji: CXX_STANDARD, weka nambari, na usipoweka basi kompaila iamue. Mtunzaji alijibu vizuri tu, lakini anaogopa kuvunja skripti za watu wanaotumia jina la zamani. Ana haki. Nikamwambia tuache la zamani lifanye kazi matoleo mawili, likitoa onyo kila likiguswa. Amesema atafikiria. Ni wiki ya tatu sasa, na ENABLE_CXX11 bado iko kwa ukurasa wa kwanza wa maelekezo.