Hisabati ni Lazima, Lugha Je?

Mnamo Aprili 2025, Waziri wa Elimu Bw Julius Ogamba alitangaza kwamba kila mwanafunzi wa sekondari pevu atasoma hisabati, awe amechagua mkondo wa sayansi, wa masuala ya jamii au wa sanaa na michezo. Pendekezo la awali la kulifanya somo hilo liwe la hiari kwa baadhi yao lilikuwa limezua malalamiko. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia madarasani Januari 2026.

Hata hivyo, kulazimisha somo ni jambo moja. Kulifanya lieleweke ni jambo jingine. Aghalabu mwanafunzi anayeshindwa na hesabu huambiwa kwamba hana kipawa, ilhali kilichomkwaza ni lugha.

Tuchukue fanksheni. Mwendeshaji bodaboda anatoza shilingi 50 za kuanzia safari na shilingi 20 kwa kila kilomita. Mwalimu anaandika f(x) = 20x + 50. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba mabano yanayofuata herufi huashiria kuzidisha husoma "f mara x", na hapo akapotea. Hajakosa akili, ameifuata sarufi aliyopewa. Angeambiwa kwanza kwamba nauli hutegemea umbali, angetambua mara moja kwamba safari ya kilomita 6 ni shilingi 170.

Katika jiometri, neno pembe humkumbusha mtoto pembe ya ng'ombe au kona ya chumba. Kwa hivyo, hudhani kwamba mistari ikirefushwa, pembe nayo huongezeka. Kumbe kinachopimwa ni kiasi cha mgeuko kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na digrii 40 zitabaki 40 hata mistari hiyo ikifika Mombasa.

Takwimu nazo zina mtego wao. Neno wastani lina asili ya Kiarabu yenye maana ya katikati, na katika mazungumzo mtu wa wastani ni mtu wa kawaida. Sasa tuseme wafanyakazi wanne wa duka wanalipwa shilingi 10,000, 10,000, 12,000 na 13,000, naye meneja 105,000. Wastani ni 30,000, mshahara ambao hakuna hata mmoja anayeupokea. Aliye katikati hupata 12,000. Raia asiyeweza kutofautisha mambo haya mawili atahadaiwa na waajiri na wanasiasa, hata akiwa mwanamuziki au mwanariadha.

Wapo watakaouliza Kiswahili kina faida gani ikiwa mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Jibu ni kwamba mtu hawezi kutatua kwa lugha ya pili au ya tatu tatizo ambalo hajalielewa kwa lugha yoyote. Isitoshe, istilahi tunazo: Tanzania imefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu miaka ya 1960, na maneno kama pembetatu, mstatili na kipenyo si mageni kwetu.

Rai yangu kwa walimu ni nyepesi. Kabla mwanafunzi hajashika kalamu, aeleze kwa maneno yake mwenyewe swali linataka nini. Mwalimu wa hisabati na yule wa Kiswahili nao waketi pamoja. Serikali imeufungua mlango. Tusimwache mtoto akisimama kizingitini kwa kukosa maneno.