Duluti Ina Geti

Mwaka jana niliketi siku mbili katika ukumbi mmoja jijini Arusha pamoja na akina mama wapatao thelathini, wengi wao wachuuzi wa Unga Limited, Sombetini na Ngaramtoni. Shirika moja lilikuwa likiwapa semina ya ujasiriamali. Mwezeshaji, kijana nadhifu mwenye tai, alichora duara ubaoni, akaligawa vipande, akageuka: "Mama zangu, faida ni nini?"

Ukumbi kimya. Muuza ndizi aliyeketi pembeni yangu akaniinamia. "Mwanangu, mkungu wa Tengeru nikiutazama tu najua una chane ngapi, zipi zitaiva Jumatatu na zipi zitanifia mkononi. Nikikosea hesabu siku moja, wajukuu wanalala njaa. Sasa huyu ananifundisha nini?"

Jioni ya siku ya pili alipewa cheti, fulana na nauli. Mtaji hakupewa kwa sababu, tulielezwa, kumpa mtu fedha ni kumlemaza. Alikikunja kile cheti, akakipima kwa vidole. "Kigumu," akasema. "Hata kufungia vitumbua hakifai."

Tangu siku hiyo kuna msemo unaonikera kuliko yote: usimpe maskini samaki, mpe ndoano umfundishe kuvua. Utausikia kwa wafadhili, kwa madiwani, kanisani, msikitini na kwenye vijiwe vya kahawa. Umezoeleka hadi tunaudhania wosia wa mababu. Ndani yake mna dai kwamba maskini ni maskini kwa kuwa hajui. Dai hilo lina pacha wake: akishika hela, ataishia kilabuni. Nayakataa yote mawili.

Tuanze na ndoano yenyewe. Shuka Tengeru, ifuate njia mpaka Ziwa Duluti, ndoano yako begani. Kabla hujaona samaki utaona geti. Kuvua kunafundishika kwa asubuhi moja. Kinachosumbua ni kujua ziwa ni la nani na nani anaruhusiwa kulikaribia.

Watu wa Mlima Meru walijifunza hayo zamani, tena kwa machungu. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 wenyewe wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuidai ardhi yao. Watu wale walijua kulima na kufuga. Ardhi ndiyo waliyonyang'anywa, na hakuna semina ambayo ingewarudishia.

Leo Wameru hawachomewi nyumba, lakini tazama vihamba vya Nkoaranga au Poli. Babu aliwagawia wanawe, wana wakawagawia wajukuu, hadi kijana wa leo anarithi mistari michache ya migomba na mikahawa ya kuhesabika. Mfundishe kilimo bora, vizuri sana. Atakilimia wapi?

Sasa yule pacha, kwamba fedha ya maskini huishia kwenye pombe. Hili halihitaji ubishi wa kijiweni, limeshapimwa hapa hapa nchini. Mwaka 2010 TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ilianza majaribio ya kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha taslimu huko Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na watafiti wakazifuatilia kaya hizo pamoja na nyingine ambazo hazikupewa. Matumizi ya pombe hayakupanda. Kilichopanda ni idadi ya kuku na mbuzi, watoto wenye viatu, na watu waliojiunga na bima ya afya. Kutokana na majaribio hayo ulizaliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa 2012 na kuzifikia kaya zaidi ya milioni 1.

Walevi wapo, sikatai. Wapo pia wanaopokea mshahara benki kila mwisho wa mwezi, na sijawahi kusikia mtu akipendekeza mhasibu alipwe kwa semina kwa kuwa mhasibu mwenzake analewa Njiro.

Watetezi wa ndoano watanijibu kwamba ruzuku peke yake haimtoi mtu kwenye umaskini. Hapo tuko pamoja. Ruzuku ile ni ndogo. Inamzuia mtu asizame, haimfikishi ng'ambo. Elimu nayo ina mahali pake, na anayetaka kupaona aulize habari za kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, utaratibu unaofahamika vizuri kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Kaya inajenga banda kwanza na kufundishwa ulishaji, kisha inapewa mtamba mwenye mimba. Akizaa jike, ndama huyo anakwenda kwa jirani, na jirani naye atalipa vivyo hivyo. Darasa la namna hiyo halina anayesinzia. Mama anayejua kwamba ng'ombe yuko njiani atauliza mwenyewe dalili za ugonjwa wa kiwele, atauliza tena na tena. Elimu isiyo na ng'ombe ni hadithi ya maziwa.

Utafiti uliochapishwa 2015, uliohusisha nchi 6, zikiwamo Ethiopia na Ghana, uliona jambo hilo hilo. Kaya fukara zilipewa mifugo au mtaji mwingine, fedha kidogo ya chakula ili njaa isiwalazimishe kumuuza mbuzi, mafunzo, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara. Mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, kwa jumla bado walikuwa wanakula vizuri zaidi na kumiliki zaidi. Sisi tumelinyofoa neno "mafunzo" kwenye orodha hiyo, tukamwacha mbuzi.

Na pengo la mtaji halikai wazi. Linajazwa na mikopo ya kausha damu. Mama akikopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, arejeshe kwa wiki 4, kila wiki anadaiwa 60,000. Rejesho la kwanza linafika siku ya saba, wakati ndizi nyingine bado mbichi. Faida haijaonekana, kwa hiyo anarejesha kwa kuumega mtaji wenyewe. Wiki ya tatu anakopa kwingine kumlipa wa kwanza. Baada ya hapo wadai wanakuja kubeba godoro. Huyo mama hesabu anazijua. Alichokosa ni fedha yenye subira.

Fedha hiyo ipo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ikopeshwe bila riba. Serikali iliisimamisha mikopo hiyo Aprili 2023 baada ya ukaguzi kufichua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa, ikairejesha 2024 kwa utaratibu mpya. Wapo waliosema, mnaona, maskini hawakopesheki. Lakini kikundi hewa hakiundwi na muuza ndizi. Kinahitaji mtu mwenye kalamu, mhuri na rafiki ofisini.

Jiji hili ndilo lililolipa jina lake Azimio la Arusha la mwaka 1967, na najua nitakumbushwa kwamba Azimio lenyewe lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo. Ni kweli. Liliitaja ardhi, likawataja watu, siasa safi na uongozi bora. Cheti hakimo.

Semina ilipokwisha nilitoka na yule mama hadi getini. Akasimama, akautazama ukumbi kama anavyoutazama mkungu: viti vya kukodi, bango kubwa, masanduku ya soda, magari mawili yenye nembo. Midomo ikachezacheza.

"Hapa wametumia nyingi," akasema. "Ukitoa soda, ukigawa kwa sisi thelathini, kesho ningeamka na mikungu kumi na miwili. Kumi ya kuuza, miwili ya kuoza." Akajitwisha kikapu chake. "Na yule kijana ningemlipa pia. Angenibebea."