Vidonge vya Majira na Moyo wa Kushindana

Mwanamke asipoomba cheo ofisini, hakosi mtu wa kulaumu homoni zake, na siku hizi lawama imefika kwenye vidonge vya majira: eti vinampunguzia ari.

Dai hilo si la kupuuzwa. Vidonge huzuia yai kupevuka na hupunguza testosteroni huru katika damu, na zipo tafiti zilizolinganisha wanaomeza na wasiomeza zikaona tofauti. Tatizo ni kwamba makundi hayo hayafanani tangu mwanzo. Aliyesumbuliwa na vidonge aliviacha zamani, kwa hiyo wanaohesabiwa kuwa watumiaji ni wale waliopatana navyo.

Jaribio lililoepuka mtego huo lilifanyika Sweden. Wanawake 340 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi wakameza vidonge halisi na wengine vya bandia kwa miezi mitatu, pasipo wao wala watafiti kujua nani kapewa nini. Wakapimwa ukarimu, uthubutu katika mambo ya fedha na utayari wa kushindana. Matokeo yaliyochapishwa 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana. Kilichoshuka kidogo ni hali njema yao kwa jumla, bila dalili za sonona kuongezeka. Hilo ndilo ningependa mteja wa kliniki ya uzazi wa mpango aambiwe, badala ya porojo za ari.

Kama si vidonge, basi tofauti ya ari kati ya wanawake na wanaume inatoka wapi? Wachumi Gneezy, Leonard na List walikwenda Umasaini, Tanzania, na kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambako mali hurithiwa kupitia kwa mama. Mshiriki alirusha mpira wa tenisi kwenye ndoo, akichagua ama kulipwa kwa kila mpira ulioingia, ama kulipwa mara tatu iwapo atamshinda mwenzake. Kwa Wamasai, nusu ya wanaume walichagua kushindana, wanawake robo tu. Kwa Wakhasi, wanawake zaidi ya nusu walishindana, wakawapita wanaume wao. Utafiti huo wa 2009 haukugusa homoni kabisa, lakini mimi naupa uzito: tofauti kubwa namna hiyo inaelekeza kwenye malezi na urithi.

Hata hivyo, ya Sweden tusiyabebe mazimamazima. Huko walijaribu vidonge vyenye estrojeni. Kwetu sindano na vijiti, ambavyo havina estrojeni, ndivyo vinavyotumika zaidi. Navyo vinastahili jaribio la aina ileile.