WAZAZI WA ARUA NA KOBOKO: SHANGA KABLA YA SIMU!



Wazazi wapendwa, na nyinyi wanafunzi wetu, leo tunasema wazi jambo ambalo wengi wanalijua na wanalinyamazia: watoto wetu wengi hawajui hesabu. Mtoto yuko P.5, muulize 14 toa 8, anatafuta simu ya mama yake. Akinyimwa simu, anachora vijiti pembeni mwa daftari. Halafu matokeo ya P.L.E. yakitoka tunashangaa!

Tuseme haki, kosa si la mtoto. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Watoto waliokuwa waanze kujumlisha walikaa nyumbani karibu miaka miwili, kisha wakarudi kwenye madarasa yaliyojaa. Mwalimu mmoja mbele ya kundi kubwa atafanya nini? Anawaimbisha jedwali. Wanaimba vizuri sana, lakini kuimba si kuelewa.

Na hasara haiishii shuleni. Koboko imepakana na Kongo na Sudan Kusini. Hapo shilingi yetu inakutana na pauni ya Sudan Kusini, faranga ya Kongo na dola, na bei ya kubadilisha haikai mahali pamoja. Kijana asiyeweza kukadiria kichwani atapunjwa mchana kweupe. Arua nako kijana anachukua bodaboda kwa mkopo, anaambiwa alipe kiasi fulani kila wiki, na hajui kuzidisha ajue jumla yake. Anakuja kujua shingo ikishakabwa.

Tutazame na mirathi. Mtu amefariki, madeni yamelipwa, imebaki shilingi 2,400,000. Ameacha mke, wavulana wawili na wasichana watatu. Mke ana thumuni, yaani 300,000. Zinabaki 2,100,000 za kugawa mafungu saba: kila mvulana mafungu mawili, 600,000, kila msichana fungu moja, 300,000. Hesabu hii ni ya P.7! Lakini mjane asiyeijua atapokea chochote atakachopewa na kushukuru. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliweka sehemu nzima ya hesabu za wasia na mirathi. Wenzetu waliona hesabu ni ulinzi wa haki za watu. Sisi tumeiachia simu.

Basi dawa ni nini? Tunasema ianze na abakasi, ubao wa shanga. Ile ya Kijapani ina shanga moja juu ya kizuizi, thamani yake 5, na nne chini, kila moja 1. Uzi wa kulia ni mamoja, unaofuata ni makumi, kisha mamia. Shanga huhesabika ikisogezwa kwenye kizuizi.

Tujaribu kwa hesabu ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, 33 mara tatu za baada ya swala. Weka 33: shanga tatu kila uzi. Ongeza 33. Imebaki shanga moja tu ya chini, haitoshi. Basi shusha ya 5 na uondoe mbili. Fanya hivyo nyuzi zote mbili: 66. Ongeza 33 tena, safari hii shanga zinatosha: 99. Ongeza 1. Mamoja yamejaa, yafute upeleke kumi. Makumi nayo yamejaa, yafute upeleke mia: 100. Mtoto ameona kwa macho maana ya "kubeba moja", jambo ambalo wengi hulikariri tu. Akizoea, ataziona shanga kichwani bila ubao.

Sasa tujibu visingizio.

1. "Simu ipo, ya nini kujichosha?" Simu haikuambii kwamba umebonyeza vibaya. Anayeweza kukadiria ndiye anayegutuka sifuri ikizidi. Na msidharau shanga: Novemba 1946 huko Tokyo, Mjapani Kiyoshi Matsuzaki alishindana kwa abakasi na askari wa Marekani mwenye mashine ya umeme, akamshinda 4 kwa 1.

2. "Hatuna pesa." Mbao chache, spoki za baiskeli kuukuu, na shanga au vizibo vya soda vilivyotobolewa katikati. Fundi wa mtaani anaiunda. Mama zetu wa Kinubi wanasuka vikapu vya rangi kwa kuhesabu nyuzi bila kalamu. Watashindwaje na hili?

3. "Tutawalipia kozi ya kuwafanya majiniasi." Hapa tunawaonya! Wapo wauzaji wanaodai abakasi inabadilisha ubongo wote. Utafiti wa miaka mitatu kwa watoto 204 huko Vadodara, India, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba waliojifunza abakasi waliwazidi wenzao katika hesabu, lakini akili zao kwa jumla hazikubadilika, wala si wote waliofaidika sawasawa. Kwa hiyo msiuze mbuzi kununua ahadi. Tunataka hesabu, na hesabu inatosha.

4. "Wasichana wana kazi za nyumbani." Na huyo mjane wa mirathi alikuwa nani?

Tunachopendekeza ni dakika kumi na tano kila siku, nyumbani au kabla ya darasa la madrasa. Mhesabieni kwa Kiswahili pia, kwani "kumi na moja" inamwonyesha mtoto kumi na moja yake. Ishirini na thelathini atazikariri. Mwanzo aseme kwa sauti kila anachosogeza. Baadaye ubao ufunikwe, ahesabu kichwani. Akikosea asichapwe, aulizwe tu, "Ulisogeza ipi?" Kila madrasa ya Arua na Koboko inaweza kuwa na mbao kumi kabla muhula haujaisha. Msisubiri mfadhili wala serikali.

Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi subira ya kukaa nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.