Mbona Athene Tulishuka?

Basi letu la kukodi lilisimama Kalenga saa tisa na nusu alasiri, na katika watu hamsini na wawili tuliotoka Mbeya, ishirini na mmoja hawakushuka. Hawakuwa wagonjwa wala hawakuwa wamechoka; saa moja baadaye walishuka upesi sana pale Iringa mjini palipokuwa na chakula. Walikataa kuingia katika nyumba yenye fuvu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye tunamheshimu na tutaendelea kumheshimu, alifunga dirisha akafungua kitabu cha nyimbo. Akina mama wawili walianza kukemea kwa sauti ya chini. Kijana anayeongoza wageni alisimama mlangoni akitusubiri, kiingilio cha watu wote kikiwa kimekwisha kulipwa, akawa anatazama chini.

Tunaandika kwa sababu jambo hili halikuishia Kalenga. Jumapili iliyofuata lilizungumzwa nje ya kanisa baada ya ibada, na waliobaki kwenye basi wakasifiwa kwamba wameshinda jaribu. Sisi tulioshuka tukaonekana kama watu waliokwenda kutambika. Basi na tujibu.

Miaka michache iliyopita baadhi yetu, wakiwemo wawili kati ya hao ishirini na mmoja, waliweka akiba kwa muda mrefu wakaenda Ugiriki na kundi la waumini kufuata nyayo za Mtume Paulo. Waliporudi tulikaa ukumbini tukatazama picha zao, tukafurahi nao. Walipelekwa kwa basi la watalii hadi Korintho na Delphi, na Athene wakapanda Akropoli wakapigwa picha mbele ya Parthenon. Parthenon ni nini? Ni hekalu lililojengwa zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo kwa ajili ya mungu mke Athena, na ndani yake ilisimama sanamu yake kubwa iliyopambwa kwa dhahabu. Na Delphi ndiko watu walikokwenda kumwuliza Apolo habari za mambo yajayo. Kwa lugha ya kwetu, walikwenda kupiga ramli. Ndugu zetu walishuka huko kote, wakatabasamu, wakarudi na vikombe vyenye picha za nguzo. Hakuna aliyekemea. Hakuna aliyetaka waombewe kabla ya kushiriki Meza ya Bwana. Tulipiga makofi.

Sasa tuambiwe. Nyumba ya sanamu ikiwa ya marumaru, na kiingilio chake kikilipwa kwa euro, inakuwa elimu. Lakini kichwa cha mtu wa Uhehe, aliyezaliwa na mama kama sisi, kinakuwa pepo? Kama ni hofu ya Mungu, kwa nini inapoteza nguvu ikipanda ndege?

Paulo mwenyewe hakubaki kwenye basi. Kitabu cha Matendo, sura ya 17, kinasema roho yake ilichukizwa alipouona mji umejaa sanamu. Alichukizwa kweli, wala hatusemi achukizwe kidogo. Lakini alizunguka. Alitazama vitu vyao vya ibada kimoja kimoja, akasoma hata maandishi yaliyochongwa juu ya madhabahu, ndipo aliposimama Areopago akawa na neno la kuwaambia watu wale. Hata maneno ya washairi wao aliyajua, akayatumia. Angefunga dirisha, hotuba ile tusingekuwa nayo.

Na kule Kalenga kulikuwa na nini cha kuona? Kulikuwa na habari ambayo sisi wa Mbeya tunaihitaji kuliko Wahehe wenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, jeshi la Wahehe liliwashinda askari wa Kijerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa alipigana porini karibu miaka minne, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi kule Mlambalasi asikamatwe. Walimkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita kuu vya dunia, ulikitaja kichwa hicho katika kifungu cha 246 na kuagiza kirudishwe ndani ya miezi sita. Kilirudi Juni 1954, kikaletwa na Gavana Twining. Miezi sita ilikuwa miaka thelathini na mitano.

Lakini safari ile ilianzia kwetu. Kabla ya kufika Iringa tulipita Igurusi na Chimala, nchi ya Wasangu, tukiimba. Watemi wa Usangu wa ukoo wa Merere walikuwa wamepigana na Wahehe miaka mingi, na Wajerumani walipokuja, wao walikuwa upande wa Wajerumani. Ndani ya basi letu walikuwemo Wasangu. Walikuwemo pia Wanyakyusa, ambao mababu zao walilipokea Neno kutoka kwa wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin waliofika Rungwe na Unyakyusa mwaka 1891. Ndiyo, mwaka uleule wa Lugalo, na kutoka nchi ileile. Mmisionari hakuwa askari, na kaburi la mmisionari si la kulibeza. Lakini aliyetuletea Injili na aliyekata kichwa kile walikuwa ndugu wa taifa moja, na huenda walisali kwa kitabu kimoja cha sala. Hilo ni jambo zito kwa mwamini. Sisi tunadhani ndilo hasa linalotutia hofu mbele ya kabati lile la kioo, wala si mizimu. Pepo tumezoea kuwakemea. Swali hili hatujazoea.

Asubuhi ya siku ileile tulikuwa Isimila, kilomita kama ishirini kabla ya Iringa, kando tu ya barabara kuu. Huko wote tulishuka, maana kuna zile nguzo za mchanga zilizochongwa na maji na upepo, nzuri kwa picha. Zana za mawe zimelala korongoni: shoka za mkono nzito, zimechongwa pande zote mbili zikalingana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walichimba hapo mwaka 1957 na 1958, na umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka laki mbili na nusu. Kijana mmoja wa kwaya aliuliza, kwa adabu kabisa, mahesabu hayo yanakaaje na kitabu cha Mwanzo. Akajibiwa na sauti ya nyuma, "Huo ni uongo wa wasomi, twende." Tukaenda.

Hapo hatuwalaumu wale ishirini na mmoja peke yao. Sote tulikuwepo na sote tulinyamaza, wakiwemo walimu wa Biblia wanne. Tungeweza kumwambia kijana kwamba wako Wakristo wengi wanaoiamini sura ya kwanza ya Mwanzo bila kuifanya kalenda, na kwamba wako wengine wasiokubali hivyo, na kwamba jambo hilo linazungumzika. Tungeweza kumpa lile jiwe alishike, afikirie mkono uliolichonga na Mungu aliyeuona mkono ule ukifanya kazi. Tulimpa kisogo. Kijana ana simu, wapendwa. Swali lake atalipeleka kwingine, na huko hakuna atakayemwambia "twende".

Tukiri na kosa la kamati, kwa kuwa kamati ni sisi. Ratiba iliipa Isimila dakika arobaini, Kalenga nusu saa, na hoteli ya chakula saa mbili kasoro. Dereva alipiga honi mara tatu Kalenga wakati mwongozaji hajafika hata kwenye habari ya Versailles. Mtu akitaka kusema kwamba sisi tulioshuka nasi hatukuona kitu, hatutambishia sana.

Safari ya pili imepangwa baada ya mavuno. Tutaanzia Lugalo, tutakaa Kalenga nusu siku, na Isimila tutarudi na mchungaji. Karatasi ya majina iko kwa mhazini. Anayejua kwamba atafunga dirisha asijiandikishe, maana viti ni vichache na yule kijana wa kwaya ameomba aje na wenzake sita.