Kutetea Hadithi za Giza

Wako watu wenye nia njema wasemao kuwa hadithi za giza hazifai kusomwa Turkana. Wasema Lodwar ina jua na ukame wa kutosha. Na Kakuma, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, imepokea maelfu ya watu waliokimbia vita. Basi, wauliza, kijana aliyeona msiba kwa macho yake ana haja gani na msiba wa kubuni? Apewe vitabu vinavyokwisha kwa harusi. Maneno hayo yana huruma, lakini hayana haki, nami nayapinga.

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 1990 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, alitoa Nagona; mwaka uliofuata akatoa Mzingile, riwaya yake ya mwisho. Hizo mbili hufuatana kama mtu na kivuli chake, na zote ni za watu wazima. Msafiri atafuta ukweli katika nchi ya ajabu na ya ukiwa. Njia hupinda na kurudi ilikotoka, wala msomaji hashikwi mkono mpaka mlangoni.

Shtaka la kwanza ni kuwa hadithi za namna hii ni ngeni kwetu. Je, Nayeche naye ni mgeni? Mapokeo ya Waturkana husimulia habari za kikongwe huyo aliyetoka katika nchi ya Wajie, iliyo Uganda sasa, akafika bonde la mto Tarach, mto uo huo upitao Kakuma. Vijana waliofuata nyayo za fahali aliyepotea walimkuta huko, na taifa likaanza. Kikongwe peke yake nyikani, na nyayo ziendazo pasipojulikana! Taifa lililozaliwa katika hadithi kama hiyo haliwezi kuambiwa kuwa ajabu na hofu vimeletwa na wageni.

Shtaka la pili ni kuwa huvunja moyo. Nasema kivunjacho moyo ni uongo. Mwanafunzi aliyezaliwa kambini, na wazazi wake walitoka Sudan Kusini, Somalia au Kongo, ajua kuwa ziko safari ambazo mwisho wake haujaonekana. Mpe kitabu ambamo kila mkimbizi hurudi kwao akapokewa kwa ngoma, naye atakifunga kwa dharau, maana kimemdhani mjinga. Mpe kitabu ambamo msafiri hupotea, huogopa, na bado huendelea kutembea, naye atajiona humo. Giza la kitabuni halimwongezei giza. Lamwonyesha kuwa yuko mwingine aliyepita humo akapata maneno ya kulieleza.

Shtaka la tatu ni kuwa vitabu vya watu wazima hupotosha vijana. Hapa nakubali sehemu. Kila kitabu kina umri wake, na mtoto mdogo hana kazi na Mzingile. Tena wako waandishi wamwagao damu katika kila ukurasa kwa sababu damu huuza, hao siwatetei. Lakini marufuku si malezi. Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa katika shule za Tanzania, na baadaye ikafundishwa katika shule zizo hizo. Kitabu hakikubadilika, kilichobadilika ni woga wa wakubwa.

Kwa hiyo, mwalimu, usimpokonye kijana kitabu kigumu. Keti naye mkisome pamoja, umwache aulize. Nawe, mwanafunzi, utakapofika umri wake, usiishie katikati. Asomaye Nagona akaiacha Mzingile amefanana na abiria aliyetoka Lodwar kwenda Kakuma, akashuka njiani kwa kuwa jua limetua. Hakuliepuka giza kwa kushuka. Amebaki ndani yake, na gari limekwenda.